Limfoma ya kaka yangu imerudi, kwa nini wanataka kumpandikiza seli zake mwenyewe?

SWALI: Shikamoo daktari. Kaka yangu ana miaka 44, alikuwa na kansa ya tezi, limfoma ile ya seli B kubwa. Alipigwa kimo (kemotherapi, dawa za kuua kansa) saiko 6, yaani mizunguko 6, ya mseto wa dawa unaoitwa R-CHOP, akapona kabisa, mwaka na nusu baadaye tezi za shingo zimetoka tena. Tumeambiwa aende India akapandikizwe uloto. Tuko ndugu wanne, wote tumejitolea kupimwa, lakini wanasema watatumia seli zake mwenyewe. Sasa si ndo hizo hizo zinazoumwa? Na shamba tumeshapata mteja, tuuze?

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Shamba msiuze bado, sababu nitakwambia huko chini.

Hilo swali la seli naulizwa kila mara, na kosa ni letu sisi madaktari kwa sababu tukishasema "kupandikiza" mtu anawaza figo, yaani kibovu kinatolewa kizima kinawekwa. Hapa sivyo. Hapa dawa ni kimo yenyewe, seli ni za kumuokoa mgonjwa na hiyo kimo. Uloto ndo kiwanda cha damu, uko ndani ya mifupa, na kimo ikipita dozi fulani kiwanda kinakufa, mtu anabaki hana chembe nyeupe za kupigana na vijidudu wala chembe sahani za kugandisha damu. Ndo maana R-CHOP aliyopigwa, ile yenye dripu nyekundu, ilikuwa na mwisho wa dozi. Sasa tukichukua mapema seli shina zake, zile mama zinazozaa chembe zote za damu, tukazihifadhi, tunaweza kumpiga kimo kali ambayo bila hizo seli isingewezekana, afu tunamrudishia zikaanzishe kiwanda upya.

Na hapana, kwa kawaida hizo siyo zinazoumwa. Limfoma yake imetokana na seli B, aina ya chembe nyeupe, ambayo imeshakomaa, seli shina ni mama zao wa mbali sana huko nyuma. Ni kweli seli chache za kansa zinaweza kuponyoka zikaingia kwenye mfuko wa kuhifadhia, lakini ugonjwa ukirudi baada ya hapo mara nyingi umetoka kwa zile zilizobaki mwilini, sio za kwenye mfuko.

Zoezi lenyewe watu wanaliogopa kuliko lilivyo, hakuna kupasuliwa. Anachomwa sindano za filgrastim siku kadhaa ili seli shina zitoke kwenye uloto ziingie kwenye damu, hapo kiuno na mgongo vitamuuma kweli kweli, asishtuke. Afu anaunganishwa na mashine inayofanana kidogo na ile ya kusafisha figo, anakaa masaa kama manne au matano, damu inatoka mkono huu inarudi mwilini, seli zinabaki kwenye mfuko. Tunataka angalau milioni 2 kwa kila kilo ya uzito wake, zikifika milioni 5 tunafurahi. Zinagandishwa, kisha anapewa kimo kali kwa siku kama sita, mara nyingi ile wanaita BEAM, dawa nne. Siku ya melphalan wampe barafu amung'unye muda wote dawa inapoingia, inapunguza sana vidonda vya mdomoni. Halafu seli zinayeyushwa zinaingia kwa mshipa kama anaongezwa damu, na chumba kizima kitanuka kama kitunguu swaumu, ni ile dawa ya kuhifadhia seli inatoka kwa pumzi yake. Zinachipua baada ya siku 10 hadi 14 hivi. Hizo wiki mbili ndo za hatari, homa kidogo tu ni antibayotiki hapo hapo. Kwenye senta nzuri wanaofariki kwa zoezi lenyewe ni chini ya 5 kati ya 100.

Sasa shamba. Utafiti uliofanya hii njia ikubalike kwa ugonjwa kama wa kaka yako unaitwa Parma, ulitoka 1995. Baada ya miaka 5 waliopandikizwa seli zao, 46% walikuwa hai na ugonjwa haujawarudia, waliopewa kimo ya kawaida peke yake ni 12%. Tofauti kubwa, lakini angalia walioingizwa kwenye huo ulinganisho: ni wale tu ambao tezi zilikuwa zimeshanywea kwa kimo ya mstari wa pili, yaani ile inayopewa ugonjwa ukirudi. Ukipandikiza mtu ambaye ugonjwa haujasikia dawa unamtesa bure. Kwa hiyo hatua ya kwanza siyo India, ni saiko 2 au 3 za mstari wa pili, mfano R-GDP, ambazo ni dawa za zamani tu na daktari wake wa kansa anaweza kumpa huku huku, afu skani. Karibu nusu ya wagonjwa hawavuki hapo. Akivuka, uzeni. Asipovuka, hela mtaihitaji kwa mambo mengine.

Nyie ndugu wanne mmefanya vizuri, kila mmoja wa baba mmoja mama mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya seli zake kufanana kabisa na za kaka yenu. Lakini seli za mtu mwingine ni vita vya pande mbili, zinaweza kuisaka kansa, ndio, na zinaweza pia kumgeukia yeye mwenyewe, ngozi, ini, utumbo, na vifo ni vingi zaidi. Njia hiyo tunaiweka akiba kwa ajili ya akirudiwa tena, au kwa baadhi ya limfoma za seli T, aina nyingine ya chembe nyeupe.

Huko India mtasikia pia habari za CAR-T, wao wana ya kwao tangu 2023. Ni seli T za mgonjwa zinafundishwa maabara kuiwinda limfoma. Kwa anayerudiwa ndani ya mwaka mmoja imeonekana kuushinda upandikizaji, ila kaka yako amekaa zaidi ya hapo, mi bado ningeanza na upandikizaji, na bei ya CAR-T nayo utaisikia mwenyewe.

Viwili vya wiki hii, kabla ya dripu yoyote. Je, tezi mpya imekatwa ikapimwa? Nimeshaona tezi "iliyorudi" ikawa TB, na kutibu TB kwa kimo ni balaa. Cha pili, kama bado anataka watoto agandishe mbegu zake sasa hivi, BEAM ikishapita kwa wengi huwa imekwisha hiyo. Hili muulize akiwa peke yake, mbele ya shemeji na wazee atakwambia hataki.