Kwa kamati mpya: msimuulize mtu cheti mlangoni

Jumamosi nilikaa nyuma kabisa ya ukumbi nikaitazama kamati mpya ya kikundi chetu cha watu wa umeme hapa Unguja ikiendesha mkutano wake wa kwanza wa kusajili wanachama. Bango limechapishwa vizuri, viti vimevishwa vitambaa, wageni rasmi watatu wako mezani. Mkutano ulianza saa 8 mchana, na mpaka adhana ya alasiri inapigwa hapana aliyetaja hata waya mmoja: salamu, utambulisho, shukrani. Watu wakatoka kwenda kusali na nusu yao hawakurudi. Usiku katibu akanipigia kwa furaha: "Mzee, tumepata majina 63!" Wanangu, nakupendeni, ndiyo maana nitasema yote.

1. Majina 63 si wanachama 63. Fomu hujazwa na yeyote aliyepewa kalamu. Hesabuni anayerudi mara ya tatu bila ya kupigiwa simu.

2. Posho ya kikao msitoe, hata mfadhili akikubembelezeni. Mwanafunzi wa shamba mrudishieni nauli yake ya daladala, chai na mandazi yawepo, basi. Mwaka wetu wa kwanza tulitoa bahasha; kikao kilichofuata, kisichokuwa na bahasha, tulikuwa watu 5, na watatu kati yao ni sisi wenyewe wa kamati.

3. Msimuulize mtu cheti mlangoni. Hapa nistahamilieni.

Kikundi chetu kilizaliwa na giza. Nyinyi wengine mlikuwa skuli bado, lakini mnakumbuka: kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja haikuwa na umeme wa gridi, kwa hitilafu ya ile kebo ya baharini inayotoka Ras Kiromoni, Bara, na kupandia Fumba. Miezi mitatu ya kuchota maji kwa ndoo na kusikiliza majenereta. Umeme uliporudi, sisi watu wa fani tukaona haya kukaa kila mmoja kivyake. Mimi nikawa katibu. Nikachapa fomu: jina, kiwango cha elimu, namba ya usajili.

Kwenye mkutano wa pili akaja mzee mmoja kutoka Jambiani, kanzu na kofia, mkononi kashika mkoba wa ukili, nyuma yake vijana watatu. Nikampa fomu. Akaisoma taratibu, akanirudishia. Nikamuuliza, mbele za watu, "Mzee, una cheti cha ngazi gani?" Akanijibu, "Mie kanifundisha kaka yangu, mwanangu." Nikamwambia akae nyuma, kwenye viti vya wageni.

Siku ile tulikuwa na mgeni, kwa hivyo mkutano mzima tukauendesha kwa Kiingereza. Ulipofika wakati wa maswali, mzee akatoa kitu kwenye mkoba, kimefungwa gazeti, akakifungua na kunyoosha mkono. Ilikuwa klempu (kibano cha kuungia waya) iliyoungua, upande mmoja imevimba na kujaa unga mweupe. Nilimwona. Nikampa nafasi mwengine. Akanyoosha tena, nikampa mwengine tena, kwa kuwa nilitaka mgeni asikie maswali ya wahandisi. Mzee akaifunga klempu yake kwenye lile gazeti, polepole, akikunja kila pembe, akaondoka na vijana wake. Kwa miaka miwili hakuandikishwa mtu hata mmoja kutoka Kusini, na sisi kwenye kamati tukisema watu wa kule hawapendi mambo ya vyama.

Kisha nikaitwa na nyumba moja ya wageni huko huko pwani. Mafriji na televisheni za upande mmoja zimeungua zote. Siku mbili nikahangaika na ubao wa ndani. Fezi moja, yaani waya mmoja unaoleta umeme, inasoma volti 310, juu mno, nyengine 140, chini mno. Nyutro hiyo, ule waya wa kurudishia umeme, lakini imekatikia wapi? Mwisho nikapanda ngazi nje, pale waya wa alumini unapokutana na wa shaba ukutani, na nikaikuta: klempu imevimba, unga mweupe. Mikono ikaniishia nguvu juu ya ngazi. Alumini na shaba zikibanwa pamoja kwenye upepo wa chumvi, alumini huliwa. Kiungo kinapata moto, nyutro inaachia, na fezi yenye mzigo mdogo inapanda kuelekea 400. Mzee alikuja na ushahidi mkononi kuuliza jambo hilo hasa. Ukumbi mzima ungejifunza siku ile, na mimi nilimnyima dakika mbili.

Nikaenda Jambiani na pakiti ya viungo vya metali mbili na kopo la grisi yake. Nilimkuta barazani kwake. Nikamuomba radhi. Akaniambia, "Sikukasirika, mwanangu. Niliona tu kuwa pale hapana nafasi yangu." Ningependelea anitukane. Ndipo nikajua kwamba mafundi wa mitaani wa ukanda ule, karibu wote wamepita mikononi mwake, na neno lake moja lilitosha kuwaleta au kuwazuia. Hakuwahi kusema neno baya juu yetu. Alinyamaza tu.

Kikao cha mwezi uliofuata tukakifanya barazani pale pale, kwa Kiswahili, bila ya projekta. Yeye ndiye aliyesomesha. Waliojiandikisha walikuwa 11, na 9 kati yao wanalipa ada mpaka leo.

4. Wanafunzi wapeni kazi, si viti vya nyuma. Ile IEEE mnayoitamani, chama cha dunia cha wahandisi wa umeme, iliundwa 1963 kwa kuungana vyama viwili vya Marekani, cha wahandisi wa umeme cha 1884 na cha watu wa redio cha 1912. Kile kichanga ndicho kilichokuja na watu wengi zaidi. Kiliwakaribisha wanafunzi, na tangu 1948 kikaanza kugawa vikundi vidogo vya fani: wa sauti na wao, wa antena na wao. Sisi tuna vijana wa sola wanaokereka kusikiliza mambo ya mota saa nzima. Waachieni wawe na Jumatano yao.

5. Ada iwe ndogo, kila mwezi, kwa simu, na risiti itoke siku hiyo hiyo.

6. Pemba. Kila mwaka tunasema "na ndugu zetu wa Pemba" kisha vikao vyote vinafanywa Mjini. Mtu wa Wete atapanda boti kwa ajili ya saa mbili za hotuba? Nendeni nyinyi.

Nimeshazungumza na mwenyekiti, kikao kijacho ni Wete, baada ya alasiri na kabla ya magharibi. Kila atakayekuja aje na kitu kilichoungua. Mimi nitakuja na ile klempu ya mzee. Alinipa mwenyewe, imo kwenye gazeti lile lile.