Nyanya zilinyauka zikiwa za kijani: bustani ya vuli nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Niko kijijini, wilaya ya Korogwe. Nyuma ya nyumba nina kama robo eka, maji tunachota bombani, mwendo wa dakika kumi. Vuli iliyopita nilipanda nyanya eneo lote. Zilipoanza kutoa maua zikanyauka mche mmoja mmoja, majani yakiwa bado ya kijani, hata nikimwagilia. Mchicha nao uliota vizuri kisha ukalala chini. Nataka kuanza upya kabla mvua hazijaanza. Nitumie dawa gani?

JIBU: Marahaba. Hela ya dawa itunze kwanza, maana kwa ulivyoeleza haitakusaidia.

Mmea unaonyauka ghafla bila majani kugeuka njano, udongo ukiwa na unyevu, mara nyingi una mnyauko bakteria. Unaweza kuupima mwenyewe. Jirani akiwa na nyanya zenye dalili hizo, mwombe mmea mmoja. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kama urefu wa kidole, kisha kining'inize kwa uzi ndani ya glasi ya maji safi, ncha moja ikiwa majini. Usiitikise. Zikianza kushuka nyuzi nyeupe kama maziwa ndani ya dakika chache, hao ndio bakteria wenyewe. Zisiposhuka, na majani yalianza kuwa njano upande mmoja, fikiria mnyauko fusari, ambao ni ukungu. Hapo mbegu kama Tengeru 97 inasaidia kwa sababu inavumilia fusari. Kwa bakteria haikuokoi.

Bakteria hawa hukaa ardhini miaka, na hakuna dawa ya kupulizia inayowatoa. Kwa hiyo pale palipokufa nyanya usirudishe nyanya, wala ndugu zake: biringanya, nyanya chungu, pilipili, viazi mviringo. Mnavu unaojiotea nao ung'oe, kwani unawahifadhi. Panda mahindi misimu miwili au mitatu. Jembe ulilolimia pale lioshe kabla ya kwenda nalo kwingine; watu wengi husahau hilo, wakahamisha ugonjwa kwa mikono yao.

Sasa bustani yenyewe. Wengi hupima eneo, mimi nakushauri upime ndoo. Siku za jua kali mboga hutaka kama lita 4 hadi 5 kwa kila mita ya mraba kwa siku, yaani ndoo ya lita 20 inatosha mita za mraba 4 hadi 5 tu. Robo eka ni kama mita za mraba 1,000. Piga hesabu: ni ndoo zisizopungua 200 kila siku! Hata ukiwa na punda, haiwezekani. Anza na matuta mawili, kila moja upana wa mita 1 na urefu wa mita 5. Hizo ni ndoo mbili hadi mbili na nusu kwa siku. Upana wa mita 1 ni ili mkono ufike katikati bila kukanyaga tuta.

Utaambiwa unyanyue tuta juu sana. Kwanza chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakiisha lijaze tena uangalie. Yakizama ndani ya saa chache, tuta lisizidi sentimita 10, kwa sababu tuta la juu hukauka upesi na wewe unabeba maji kichwani. Yakilala hapo hadi kesho yake, basi linyanyue sentimita 20 au zaidi.

Samadi weka ndoo moja kwa kila mita ya mraba, lakini iwe imeoza. Ukiichimbua ikawa na joto au harufu kali, bado. Changanya na udongo wiki mbili kabla ya kupanda.

Mchicha wako uliuawa na kinyausi. Ukungu huu hupenda miche iliyobanana na udongo usiokauka juu. Ukitawanya mbegu kwa kiganja, zinaota kama manyoya. Changanya kijiko kimoja cha mbegu na vijiko kumi vya mchanga mkavu, sia kwenye mistari yenye nafasi ya sentimita 20, fukia kidogo tu, kisha mwagilia asubuhi badala ya jioni. Miche ikibanana, ng'olea. Hiyo ya kung'olea ni mboga, usiitupe.

Kwa joto la bondeni kwenu ningeanza na mchicha, kunde za majani na bamia, na matembele pembezoni. Mchicha utaanza kuuvuna wiki ya tatu au ya nne. Mbegu nunua zenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Zungushia matete au miba kabla ya kusia, maana kuku watano humaliza tuta asubuhi moja, na hao sijapata kuona dawa yao.

Nyanya kama huwezi kuziacha kabisa, panda miche minne au mitano kwenye viroba karibu na jiko. Udongo uchukue mahali ambapo hapajawahi kulimwa nyanya, viroba vitoboe chini, uvipandishe juu ya mawe visiguse ardhi. Miche usinunue ya kubahatisha sokoni. Sia mwenyewe kwenye udongo huohuo, uihamishie kirobani baada ya wiki nne.