Usiikate ile 1.33: nilivyojifunza kutafuta fomula ya kampaundi

Swali lilikuwa jepesi, au ndivyo nilivyoliona. Oksaidi ya chuma ina asilimia 72.36 ya chuma na asilimia 27.64 ya oksijeni. Tafuta fomula yake, yaani atomi ngapi za chuma kwa ngapi za oksijeni. Nikagawa, nikapata chuma 1 kwa oksijeni 1.33. Nikaitazama ile 1.33, nikaona ni moja na vichenji vyake, nikaikata ikawa 1. Nikaandika FeO (Fe ni chuma, O ni oksijeni) kwa mwandiko mzuri na kuipigia mistari miwili chini. FeO ni oksaidi ya chuma ya kweli, ipo, kwa hiyo hata chembe ya shaka haikunijia.

Karatasi iliporudi, mwalimu hakuweka alama ya kosa peke yake. Pembeni aliandika kwa wino mwekundu: “FeO ina asilimia ngapi ya chuma?” Nikakokotoa palepale kwenye dawati. Atomi moja ya chuma ni 55.85, ukijumlisha 16.00 ya oksijeni unapata 71.85, gawanya, zidisha kwa 100, jibu ni asilimia 77.73. Swali lilisema 72.36. Nilikuwa nimeandika fomula ya kitu kingine kabisa, na dakika moja ya kurudi nyuma ingetosha kunionyesha.

Tangu hapo nimesaidia wanafunzi wengi kwa mada hii, na kosa langu nimelikuta kwenye madaftari yao mara nyingi kuliko kosa lingine lolote. Hesabu yenyewe si ngumu. Wanachokosa ni kuiheshimu desimali.

Kwanza tuelewane kwa nini tunagawa. Asilimia unazopewa ni za uzito, lakini fomula inahesabu atomi. Chukua gunia la misumari na gunia la nyundo, yote mawili ya uzito mmoja: humo ndani idadi haiwezi kulingana. Ndiyo maana huwezi kuangalia 72.36 na 27.64 ukasema chuma ni karibu mara tatu ya oksijeni. Atomi ya chuma ni nzito zaidi ya mara tatu ya atomi ya oksijeni. Kugawa gramu kwa masi ya atomi (ule uzito wa atomi unaosomwa kwenye jedwali la elementi) ndiko kunakogeuza uzito kuwa idadi, na idadi hiyo tunaihesabu kwa moli, yaani fungu la atomi lenye idadi maalumu, kama dazeni ilivyo fungu la kumi na mbili.

Ukipewa asilimia, jifanye una gramu 100 za kampaundi. Hapo asilimia 72.36 inakuwa gramu 72.36, na kazi imeshaanza. Chuma: 72.36 kugawanya kwa 55.85 ni moli 1.2956. Oksijeni: 27.64 kugawanya kwa 16.00 ni moli 1.7275. Sasa gawanya zote kwa iliyo ndogo, yaani 1.2956. Chuma kinakuwa 1, oksijeni 1.333. Atomi hazikatwi vipande, hivyo unazidisha pande zote mbili mpaka upate namba nzima: mara 3 inakupa chuma 3 na oksijeni 4. Fe₃O₄. Hii ndiyo oksaidi nyeusi inayovutwa na sumaku, na mimi nilikuwa nimeipita mlangoni.

Jaribu sasa oksaidi nyingine ya chuma, ile nyekundu, yenye asilimia 69.94 ya chuma na 30.06 ya oksijeni. Moli ni 1.2523 na 1.8788, uwiano ni 1 kwa 1.50, zidisha kwa 2 upate Fe₂O₃. Umeona zilivyo jirani? Asilimia za chuma zinapishana kwa 2.42 tu, na kinachotenganisha kampaundi hizi mbili kwenye daftari lako ni kama desimali ni .33 au .50. Anayekata namba mapema, akaandika moli 1.3 na 1.9, anapata 1.46. Hapo anaanza kubahatisha: hii ni 1.5 au ni kitu kingine? Kikokotoo kinakupa tarakimu nane bure. Beba angalau nne mpaka mwisho.

Kwa hiyo ukiona .5 mwishoni, zidisha kwa 2. Ukiona .33 au .67, mara 3; .25 au .75, mara 4. Ukikutana na .2 au .4, mara 5. Mimi nimezoea kuzikariri, ila ukisahau, jaribu 2, kisha 3, kisha 4, mpaka zote zikae sawa kwa pamoja. Neno ni “zote”. Nimewaona watu wakizidisha namba yenye desimali peke yake na kuiacha ile 1 kama ilivyo, na hapo uwiano umeshavunjika.

Na je, 2.98? Hiyo ni 3, iandike tu bila kujitesa. 4.03 ni 4. Data za mtihani huwa zimeshasafishwa, kwa hiyo zikikosea namba nzima zinakosea kwa unywele. Data za maabara ni habari nyingine, nitazifikia.

Kuna kosa la pili ambalo lina heshima yake kwa sababu wanaolifanya ni wanafunzi wanaojua mambo. Wanajua kwamba oksijeni ya hewani ni O₂, basi wanagawa kwa 32 badala ya 16. Ukifanya hivyo kwa oksaidi nyekundu, oksijeni inakuwa moli 0.9394, chuma kinakuwa 1.333 kwa kila moja yake, ukizidisha kwa 3 unapata Fe₄O₃. Ni namba nzima, nzuri, zinang'aa, na kampaundi si hiyo. Ndani ya fomula tunahesabu atomi mojamoja, si jinsi zinavyotembea mbili mbili nje. Ukirudi nyuma kuhakiki, kosa linajianika lenyewe: Fe₄O₃ ingekuwa na chuma zaidi ya asilimia 82.

Kumbe hata wakubwa walijikwaa hapa. Mwanzoni mwa karne ya 19 mwanakemia Mwingereza John Dalton aliamini maji ni atomi moja ya hidrojeni na moja ya oksijeni, HO. Vipimo vya uzito vilikuwa vinaelekea kuzuri. Tatizo lilikuwa masi ya atomi. Maji yana asilimia 11.19 ya hidrojeni na 88.81 ya oksijeni. Ukiamini oksijeni ni 8, unagawa 88.81 kwa 8, unapata 11.10, na hidrojeni 11.19 kwa 1 ni 11.19: moja kwa moja, HO. Ukijua ni 16, unapata 5.55 kwa 11.19, H₂O. Mwanasayansi Mwitaliano Avogadro alitoa wazo la kufungua fundo hilo mwaka 1811, lakini wanakemia wengi hawakulikubali mpaka Mwitaliano mwenzake, Cannizzaro, alipolifufua na kulieleza vizuri, na mkutano wa wanakemia wa Karlsruhe, Ujerumani, wa 1860 ukalisambaza. Karibu miaka 50. Kwa hiyo ukiona jedwali la elementi limebandikwa ukutani, lishukuru kidogo kabla ya kuligawia.

Turudi kazini. Kampaundi zenye kaboni, hidrojeni na oksijeni mara nyingi hazikupi asilimia. Unaambiwa kitu kimeunguzwa, na unapewa uzito wa kaboni dayoksaidi na wa maji. Wengi hukwama kwa kutoona kwamba kaboni yote iliyokuwemo imehamia kwenye kaboni dayoksaidi, na hidrojeni yote imehamia kwenye maji. Haijapotea, imehama nyumba tu.

Tuseme gramu 0.5000 za vitamini C zimeungua zikatoa gramu 0.7497 za kaboni dayoksaidi na gramu 0.2046 za maji. Gawa 0.7497 kwa 44.01: moli 0.01703 za kaboni dayoksaidi, na kila moja ina kaboni moja, basi kaboni ni 0.01703. Gawa 0.2046 kwa 18.02: moli 0.01135 za maji, na kila moja ina hidrojeni mbili, basi hidrojeni ni 0.02271. Hapa ndipo watu wanasahau kuzidisha kwa 2.

Oksijeni je? Usiitafute kwenye moshi. Sehemu ya oksijeni iliyo kwenye kaboni dayoksaidi na maji imetoka kwenye hewa iliyounguza, kwa hiyo haikuambii chochote. Oksijeni ya kampaundi inapatikana kwa kutoa. Kaboni ina gramu 0.2046, hidrojeni gramu 0.0229, toa zote kwenye 0.5000, zinabaki gramu 0.2725. Gawa kwa 16.00: moli 0.01703. (Uzito wa kaboni hapa unafanana na uzito wa maji, 0.2046, kwa bahati tu. Usiitafutie maana.)

Uwiano: kaboni 1, hidrojeni 1.333, oksijeni 1. Rafiki yetu karudi. Anayemkata anaandika CHO na kuondoka. Anayemzidisha kwa 3 anapata C₃H₄O₃.

Lakini hapo bado una fomula sahili tu, yaani uwiano mdogo kabisa wa atomi. Inakuambia sura ya familia, haikuambii ni nani. Mfano ninaoupenda ni CH₂O. Formaldehidi ina uwiano huo, asidi iliyomo kwenye siki inao, glukosi inao. Ukizipima asilimia, zote tatu zina kaboni asilimia 40.0, na hakuna hesabu ya asilimia itakayokutenganishia sukari na siki. Unahitaji masi ya molekuli kutoka kwenye kipimo kingine. Formaldehidi ni 30, asidi ya siki ni 60, glukosi ni 180. Gawa kila moja kwa 30 ambayo ni masi ya CH₂O, unapata 1, 2 na 6. Basi ni CH₂O, C₂H₄O₂ na C₆H₁₂O₆. Vitamini C ina masi ya 176, na C₃H₄O₃ ni 88, hivyo zidisha kwa 2: C₆H₈O₆. Kama mgawanyo huu haukutoa namba nzima au iliyo jirani sana nayo, usiulazimishe. Kosa liko juu, rudi ulitafute.

Nimesisitiza kurudi nyuma na kuhakiki asilimia, na bado nasisitiza, ila niseme pia siku ambayo uhakiki wenyewe haukuniokoa.

Ilikuwa maabara. Tulipewa fuwele za buluu za sulfeti ya shaba, tutafute kila CuSO₄ moja imeshikana na maji mangapi. Unapima fuwele, unazipasha kwenye kikombe cha kauri, maji yanatoka, buluu inafifia kuwa unga mweupe, unapima tena. Kikundi chetu kilianza na gramu 2.50. Tulipasha mpaka juu pakawa peupe, tukapima tukiwa na haraka: gramu 1.72. Maji yaliyotoka, gramu 0.78, kugawanya kwa 18.02 ni moli 0.0433. Unga uliobaki, 1.72 kugawanya kwa 159.6, ni moli 0.01078. Uwiano: 4.02.

Hebu fikiria furaha yetu. 4.02! Nikahakiki kama nilivyofundishwa: CuSO₄·4H₂O ingekuwa na maji asilimia 31.1, na sisi tulipata asilimia 31.2. Kila kitu kimekaa. Nikamwita mwalimu kwa kujiamini.

Hakuangalia hesabu. Alichukua kijiti cha kioo akachokonoa unga katikati ya kikombe. Chini kulikuwa na buluu.

Maji hayakuwa yameisha, na sisi tulikuwa tumeyapima kama sehemu ya chumvi kavu. Uhakiki wangu ulikuwa umethibitisha kwamba nimegawa vizuri namba mbovu. Asilimia zilizochapwa kwenye swali unaweza kuziamini, lakini za mizani yako unapaswa kuzifanyia kazi kwanza. Pasha, acha ipoe kwenye chombo kikavu chenye mfuniko (kikombe cha moto kinaidanganya mizani, na unga mkavu ukiachwa wazi unavuta unyevu wa hewa), pima, kisha pasha tena. Uzito ukiwa bado unashuka, hujamaliza. Usiende upande wa pili pia: moto ukizidi, sulfeti yenyewe inavunjika na unga unaanza kuwa mweusi.

Tulirudisha kikombe motoni. Gramu 1.63. Tena, 1.61. Tena, 1.61. Maji yakawa gramu 0.89, uwiano 4.90. Hiyo 4.90 haikuwa nzuri hata nusu ya ile 4.02, na mwenzangu alilalamika kwamba tumeharibu jibu. Tukaandika CuSO₄·5H₂O.