Usikubali kosa ambalo hukufanya ati ndo urudi nyumbani mapema

Mdogo wangu ni dereva wa tuktuk, steji yake Bamburi, Mombasa. Ijumaa moja jioni abiria alishuka akaenda zake, baada ya nusu saa karudi na watu wawili ati simu yake imebaki kwa tuktuk na dereva ameificha. Wakapekua mpaka chini ya kiti, simu hakuna, na bado akapelekwa kituoni akalala ndani.

Mimi nlipata habari saa nne usiku, nkatoka na mamangu mbio mbio. Sasa hapa ndo nataka mnisikize, maana hapa ndo wengi huharibikiwa. Askari aliyekuwa pale mezani, tena mpole kabisa, akatuambia, "Mama, Jumatatu akisomewa mashtaka kortini aseme tu ni kweli, atapigwa faini kidogo mwende naye nyumbani." Mamangu akashukuru! Njiani kurudi hesabu ishaanza, ami atoe elfu tano, mimi elfu tatu, na mimi pia wallahi niliona ni sawa, nlikuwa nataka tu atoke.

Aliyetuokoa ni jirani yetu, alikaa rumande gereza la Shimo la Tewa miaka ile. Mule ndani kuna wafungwa waliofundishwa sheria na Kituo cha Sheria, lile shirika la msaada wa sheria, na yeye alitoka na hayo masomo kichwani. Akaniuliza, "Ameiba?" Nkamwambia hapana. "Basi akisema ni kweli mbele ya hakimu, hata mkate rufaa hamtasikizwa mkisema hakuiba." Nlipokuja kuuliza wakili akanionyesha, kifungu cha 348 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, ukikiri mwenyewe mahakama ya chini rufaa yako inabaki ya adhabu tu, kama ni kubwa mno au haiko kisheria. Hatia umejipa mwenyewe. Halafu siku unatafuta cheti cha tabia njema cha polisi uende zako Qatar ndo unakumbuka ile faini kidogo.

Pia mjue, Katiba kifungu cha 49 inasema ufikishwe kortini ndani ya masaa 24, lakini masaa yakiishia wikendi ni mpaka siku ya korti inayofuata. Kwa hivo ukishikwa Ijumaa jioni, pole, pelekewa chakula na shuka.

Jumatatu tukaenda korti ya Shanzu. Kabla ya mdogo wangu aliitwa mama mmoja wa Kigiriama, mtu mzima, leso mbili, ndala za buluu, kesi ya kuuza mnazi. Karani kasoma mashtaka mbio kama anafukuzwa, mama akaitikia "ehe". Karani akishaanza kuandika, hakimu akamsimamisha, akauliza huyu anasikia lugha gani. Akatafutwa mtu wa kumfasiria na ndo ikajulikana yule mama alikuwa anaitikia jina lake, kosa hata hakulisikia. Mkalimani ni haki yako, kifungu cha 50 cha Katiba, na hulipi hata shilingi. Kama una nyanyako anaenda kortini na Kiswahili chake ni cha sokoni tu, mwambie aseme mapema kabisa, asione haya.

Na kama ulishajichanganya ukasema ni kweli, bado hujafungiwa mlango. Utasomewa maelezo ya vile ilivyokuwa uulizwe kama ndo hivo. Sema hapo hapo sivyo, hakimu ataandika umekana. Hata ukishatiwa hatiani, kabla ya hukumu kusomwa unaweza kuomba kubadilisha.

Mdogo wangu akakana. Dhamana ikawa elfu 30 taslimu, ama mdhamini mwenye mali. Tukachanga. Hiyo pesa si ya mtu, kesi ikiisha inarudi kwa yule ambaye jina lake liko kwa risiti, kwa hivo hakikisheni ni jina la mtu mnayemuamini. Mtu akikuomba "ya dhamana" na risiti hana, hiyo si dhamana.

Ukishakana, omba nakala za stetimenti za mashahidi, usingoje upewe. Sisi tulizisoma mezani usiku, na katika ile ya mwenye simu kulikuwa na sentensi moja tu, kwamba simu yake iliwashwa Mtwapa Jumamosi. Jumamosi mdogo wangu alikuwa seli! Tusingeomba zile karatasi tungejuaje.

Mwenye simu mimi simlaumu sana, simu ilimpotea kweli. Wewe ukiibiwa ama ukipigwa, usitoke kituoni bila namba ya OB, kile kitabu cha polisi cha kuandikia ripoti, na fomu ya P3, ile daktari anajaza majeraha yako, ni bure, usinunue. Na aliyebakwa, jamani, aanzie hospitali, asioge kwanza, pale Makadara, hospitali kuu ya Mombasa, wapo wa kumshughulikia, dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinatakiwa ndani ya masaa 72, polisi watafuata.

Kesi ilichukua mwaka na miezi mitatu, zaidi ni kuahirishwa tu. Mwisho hakimu akasema mdogo wangu hana kesi ya kujibu, kifungu cha 210 cha ile sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, aende zake. Ulizeni namba ya kifungu, msishangilie tu. Ingekuwa 87(a) maana yake kesi imeondolewa na anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lile lile.

Elfu 30 ilirudi baada ya kwenda mara tatu. Nakala ya uamuzi nililipia, ina muhuri, mamangu ameiweka kwenye mkebe wa biskuti pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa na hataki mtu aiguse.