Kabla Hajang'ata: Kwa Mnaoanza Kazi ya Mbwa

Kijana mpya akija bandani kwetu, swali lake la kwanza huwa lile lile: "Mkali ni yupi hapa?" Simjibu. Nampa kigoda akae nje ya uzio aangalie, kisha yeye ndiye aje aniambie. Wengi hurudi wakimtaja yule anayebweka kuliko wote. Nikiwarudisha waangalie tena, wanaona kwamba huyo kila akibweka anapiga hatua nyuma, na mkia ameufyata. Wa kumchunga ni yule aliyesimama kimya pembeni, mdomo umefungwa, miguu imekaza, jicho haliondoki kwako.

Nawaandikia ninyi: walioajiriwa kutunza mbwa wa ulinzi, vijana wa shamba mliokabidhiwa mbwa pamoja na fagio na mpira wa kumwagilia maua, na yeyote aliyeletewa mtoto wa mbwa na bosi akaambiwa "huyu mlee awe mkali". Kulisha na kuogesha mtajifunza ndani ya wiki. Kusoma mwili wa mbwa ndiko kunakowafanya mmalize mwaka mkiwa na vidole vyote.

Watu husema mbwa kang'ata ghafla, bila sababu. Ukiwauliza polepole, unakuta mbwa alikuwa ameshasema mara nne, tano, hakuna aliyemsikia. Kwanza hugeuza uso pembeni. Hujilamba pua na hakuna chakula mbele yake, hupiga miayo na hana usingizi, huinua mguu mmoja wa mbele. Ukizidi kumsogelea, kichwa kinabaki pale pale lakini macho yanakufuata, na weupe wa jicho unaonekana pembeni. Halafu anakakamaa. Hapo pashikeni sana: mbwa aliyekuwa anahema mdomo wazi anaufunga ghafla na mwili wote unasimama kama umegandishwa, sekunde moja au mbili tu. Baada ya hapo ni ngurumo, meno, kung'ata hewa, na mwisho ngozi yako. Ukijifunza kuona kule kukakamaa na kurudi nyuma taratibu bila kumpa mgongo, mengi yataishia hapo.

Mkia nao unadanganya wageni. Mkia unaoyumba pamoja na kiuno kizima, mwili ukiwa laini, ni furaha. Mkia ulionyooka juu, unaotikisika ncha tu kwa haraka, ni mbwa aliyepanda mori, na mori si urafiki.

Sasa jambo ambalo mtabishana nalo na wenye mbwa wengi. Mbwa akinguruma, usimpige. Najua mzee mwenye nyumba atasema anakosa adabu. Lakini ngurumo ni onyo, na mbwa anayeonya anakufanyia hisani. Ukimchapa kila anaponguruma, anachojifunza ni kunyamaza. Ile hofu au maumivu yaliyomfanya angurume yako pale pale, ila sasa anaruka hatua zote na kuja moja kwa moja na meno. Wengi wa hao "wanaong'ata bila kuonya" ninaoletewa walifundishwa kutoonya. Mwaka 2009 Meghan Herron na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha majibu ya watu waliopeleka mbwa wao kliniki kwa matatizo ya tabia. Kati ya waliowahi kumpiga mbwa ngumi au teke, asilimia 43 walisema mbwa aliwajibu kwa ukali. Kumlaza chali kwa nguvu na kumshikilia chini, kama baadhi ya wakufunzi wanavyopenda kuonesha mbele ya watu, kulileta jibu hilo hilo kwa asilimia 31.

Wakikuambia lazima uwe dume kuu la kundi, waambie habari ya mbwa mwitu, wale wa nchi za baridi ambao Waingereza huwaita wolf. Mwaka 1947 mtafiti wa wanyama Rudolf Schenkel aliandika juu ya mbwa mwitu waliofungiwa pamoja na kuonekana wakigombea ukubwa. Mtafiti mwingine, David Mech, aliieneza fikra hiyo ya dume kuu katika kitabu chake cha 1970, kisha baada ya miaka ya kuwaangalia wakiwa huru akaandika mwaka 1999 kwamba kundi la porini kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao, na hakuna mapambano ya kugombea cheo. Aliyeieneza ndiye aliyeisahihisha. Kwenye mabanda yetu habari hiyo bado haijafika.

Ukali unatoka wapi basi? Sehemu kubwa ni hofu. Sehemu nyingine ni maumivu: sikio lililooza ndani, jino bovu, nyonga, homa ya kupe. Mbwa mzima mwenye tabia njema akibadilika ndani ya wiki, usianze na mafunzo, anza na daktari wa mifugo. Halafu kuna kulinda mali (chakula, mfupa, watoto wake, hata kochi) na kuna hasira ya kuzuiwa, ya mbwa anayeona jambo na hawezi kulifikia wala kulikimbia. Hii ya mwisho ndiyo inayojaza mitaa yetu yenye mageti, kwa hiyo nikae hapo kidogo.

Niliitwa nyumba moja huko Tegeta. Getini kibao cha "Mbwa Mkali", ndani mbwa mwenye damu ya German Shepherd amefungwa mnyororo kwenye mwembe tangu asubuhi, anafunguliwa usiku, "asizoee watu". Alikuwa amemng'ata mtoto wa humo humo ndani. Nilitazama chini kabla ya kumtazama mbwa. Pale mnyororo ulipofika, ardhi ilikuwa kipara, duara safi kabisa, na ndoo ya maji ilikuwa imepinduka hatua moja nje ya duara. Mpira wa mtoto uliingia ndani ya duara, mtoto akaufuata akikimbia. Mbwa aliyefungwa hawezi kuondoka anapoogopa, kwa hiyo linalobaki kwake ni moja tu. Kutokea hapo alipofungwa aliona geti, na kila aliyepita getini kuanzia alfajiri, muuza maji, bodaboda, watoto wa shule, alibwekewa. Fikirini kwa akili ya mbwa: bodaboda anakuja, nabweka, bodaboda anaondoka. Bodaboda angeondoka tu, safari yake inaendelea, lakini mbwa anahesabu ushindi. Anashinda mara hamsini kwa siku, na kila ushindi unampa moyo wa kuongeza. Mwili wenyewe haupoi haraka. Ile hamaki ya asubuhi bado inamchemka mchana, ndipo mpira wa mtoto unapoingia.

Tulichofanya hakikuwa cha ajabu. Mnyororo ulitolewa. Likajengwa banda lenye kivuli, na upande unaotazama geti ukazibwa bati ili asiwe mlinzi wa barabara nzima. Akapewa matembezi ya kamba alfajiri kabla njia haijajaa. Kisha ikaja kazi ya subira: mgeni anasimama mbali, pale ambapo mbwa anamwona na bado mwili uko laini. Mgeni akionekana tu, kipande cha utumbo uliochemshwa kinaanguka mbele ya mbwa. Mgeni akiondoka, utumbo unakwisha. Mfuatano ndio wenyewe. Mtu kwanza, nyama baadaye. Ukianza na nyama, mbwa atajifunza kwamba nyama inaleta watu, na utamharibia hata hamu ya kula. Akikakamaa, mmesogea karibu mno, rudini nyuma. Siku mbaya zilikuwepo, na mtoto hakuruhusiwa kubaki naye bila mtu mzima, wala haruhusiwi sasa.

Bosi atakuuliza: je, si atawazoea wezi? Nawajibu hivi. Mbwa anayeogopa kila kitu hubweka usiku kucha, na majirani pamoja na mwenye nyumba hujifunza kulala. Mbwa aliyezoea mambo ya kawaida ndiye anayejua lipi si la kawaida, na akibweka saa nane za usiku watu wanaamka. Wapo pia wanaolisha watoto wa mbwa pilipili au kuwafungia gizani ili wawe wakali. Wanazalisha mbwa waoga wenye meno, na wa kwanza kung'atwa huwa anayeleta sahani.

Na hao watoto wa mbwa ndiko nguvu zenu ziende. Kati ya wiki ya 3 na takriban ya 14 ubongo wa mtoto wa mbwa unapokea dunia kwa urahisi; atakachokutana nacho hapo bila kutishwa atakiona cha kawaida maisha yake yote. Mwenye kanzu, mwenye buibui, mwenye helmeti, mlemavu mwenye gongo, baiskeli, ngurumo ya mvua kwenye bati. Kwa sababu chanjo hazijakamilika, usimshushe chini mtaani wanakopita mbwa wengine. Mbebe. Simama naye kituo cha daladala, achungulie dunia kutoka mikononi mwako, kisha rudini. Wala usimpokee kabla ya wiki ya 8. Wengi huuzwa barabarani wakiwa na wiki nne tano, na akiondolewa kwa mama mapema hivyo hukosa kufundishwa na ndugu zake kwamba kung'ata kwa nguvu kunavunja mchezo.

Sahani ya chakula. Nimeona watu wakiutia mkono kwenye sahani mbwa akila, "azoee". Anachozoea ni kwamba ukija, unaiba. Fanya kinyume: pita hatua kadhaa mbali naye, tupia kipande kitamu kuliko kilichomo kwenye sahani, endelea na safari yako. Kesho hivyo hivyo. Baada ya siku nyingi utaona anainua kichwa ukikaribia, shingo laini, anatazama mkono wako umeleta nini. Hapo ndipo unasogea hatua moja. Kwa mbwa ambaye tayari anang'ata akilinda chakula, mlishe peke yake nyuma ya mlango, na muite mjuzi.

Kuhasi husaidia dume anayezurura na kugombana na madume wenzake. Hofu hakutibu, usimuahidi bosi hivyo.

Mbwa wakipigana, usiingize mkono kwenye mikanda ya shingo. Hata anayekupenda atakung'ata hapo bila kujua kang'ata nani. Maji mengi usoni, ubao au mlango kati yao, na kama mko wawili, kila mmoja ashike miguu ya nyuma ya mbwa wake na kurudi nyuma kama anavuta toroli. Wakishatengana watenganishe siku nzima, kila mmoja na banda lake.

Nimebakisha kichaa cha mbwa, maana hicho hakina mafunzo. Mbwa mpole anayeanza kung'ata hovyo, au mkali anayekuwa mnyonge ghafla, sauti imebadilika, mate yanatiririka, hawezi kumeza: msimguse. Kuna watu hudhani mfupa umemkwama kooni na kutia mkono mdomoni ili wamsaidie. Mfungieni kwa mbali na muiteni mtu wa mifugo. Chanjo yake mbwa huanza akiwa na miezi 3 na hurudiwa kila mwaka au kama daktari atakavyoelekeza. Usikubali kuanza kazi kwenye banda lisilo na kadi za chanjo, hata mshahara ukiwa mnono. Nawe ukiwa wa kazi hii kila siku, omba uchanjwe kabla hujang'atwa.

Ukishang'atwa, hata mkwaruzo mdogo, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, ukitazama saa. Usipake kitunguu, usipake mafuta ya breki, usifunge kitambaa cha kubana. Nenda hospitali siku hiyo hiyo uanze sindano, maana dalili zikishajitokeza hakuna dawa ya kumrudisha mtu. Mbwa naye asiuawe kwa hasira kama anaweza kufungiwa salama: afungiwe siku 10, ale, anywe, aangaliwe. Akiwa mzima siku ya 10, hakuwa akiambukiza kichaa siku aliyong'ata, na daktari ndiye atakayekuambia kama sindano zilizobaki zinaendelea. Akifa ndani ya siku hizo, usimzike; toa taarifa ofisi ya mifugo ya wilaya waje wachukue sampuli ya ubongo, na hospitalini nao waambiwe siku hiyo hiyo.