AI kwenye kompyuta ya steshenari: ipe folda moja tu inatosha

Siku hizi huku Dodoma, hasa maeneo ya chuo, vijana wengi wa steshenari wameanza kuweka hizi AI ambazo haziishii kuchati tu, zinaingia kabisa ndani ya kompyuta, zinafungua mafaili, zinabadilisha majina, zinaandika Excel, zinaendesha amri zenyewe. Mimi kazi yangu ni kufunga na kutengeneza kompyuta na hiyo AI naitumia karibu kila siku, naipenda kwa kweli, kazi ya kupanga risiti ambayo ingekula mchana mzima inaisha wakati chai bado ya moto. Ila kila ninapoenda naulizwa niipe ruhusa kiasi gani, na mimi kabla sijajibu nauliza kwanza, humu ndani kuna vitu vya nani?

Chukulia steshenari ya kawaida tu karibu na UDOM. Fungua diski ya D uangalie. Kuna folda inaitwa "mpya", kuna "mpya 2", kuna "wateja", humo ndani zimejaa skani za vitambulisho vya NIDA, vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya fomu foo, barua za watu walioomba kazi Ajira Portal, na kuna ile notepad ambayo haikosekani, ina majina ya wanafunzi walioombewa mkopo HESLB na paswedi zao, mstari kwa mstari. Yule mwanafunzi alilipia huduma yake akaondoka, hajui kama vitu vyake bado vipo hapo. Sasa wewe ukiiambia AI "nipangie mafaili" ukaipa D yote itayasoma yote, si ndio kazi uliyoituma?

Na hapo kwenye kusoma ndipo watu hawajaelewa. Hizi AI tunazotumia wengi, Claude, ChatGPT na nyinginezo, hazifikirii ndani ya hiyo kompyuta yako, zinachukua kilichomo kwenye faili zinakipandisha kwa intaneti mpaka kwenye seva za kampuni huko nje, ndipo jibu linarudi. Kwa hiyo ukitoa ruhusa ya kusoma umetoa na ruhusa ya kutuma. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na inagusa mpaka mambo ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na wewe mwenye steshenari unayetunza vitambulisho vya watu usidhani haikuhusu.

Ninachowafanyia watu ni hiki, natengeneza folda moja mpya, AI inapewa hiyo tu, na kinachoingia humo ni kopi ya kazi ya leo. Risiti za mwezi huu, basi. Kazi ikiisha unahamisha majibu, unafuta kopi. Wengine wanapenda njia ya kufungua akaunti nyingine ya Windows isiyo ya msimamizi halafu AI inakaa huko, ni nzuri, lakini angalia sana hapa, akaunti hiyo inazuiwa kuingia kwenye Documents na Desktop za akaunti yako, ila diski ya D kwa kawaida iko wazi kwa akaunti zote za hiyo mashine. Na steshenari nyingi kila kitu kipo D! Kwa hiyo bila kufunga ruhusa za D umejenga ukuta ukaacha geti wazi.

Halafu kuna ile ya kuulizwa. Programu nyingi za aina hii kabla ya kuendesha amri zinakuonyesha amri yenyewe zinaomba ukubali. Kuna dogo mmoja nilikuwa namwelekeza, akachoka kubonyeza, akaniambia, "Kaka, si niweke iruhusu zote tu? Inasumbua."

"Hapana mdogo wangu, hebu isome hiyo ya sasa hivi inasemaje."

Ilikuwa amri ya kufuta, ina nyota, maana yake kila kilichomo kwenye folda. AI yenyewe ilikuwa na sababu, ilishahamisha mafaili ikawa inasafisha, lakini mawili yalikuwa bado hayajahamishwa. Na ujue kitu kilichofutwa kwa amri hakipiti Recycle Bin, ukienda kukitafuta huko hukikuti. Hata wakubwa yamewakuta, Julai 2025 AI ya Replit, huduma ya kutengenezea programu, ilifuta kanzidata ya kampuni moja kule Marekani wakati ilishaambiwa isibadilishe kitu. Kwa hiyo kusoma faili ndani ya ile folda unaweza kuiruhusu moja kwa moja, ila kufuta, kuinstoo programu na kutuma kitu mtandaoni acha iombe kila mara. Na bekapu ikae kwenye diski ya nje iliyochomolewa, ikiwa imechomekwa AI nayo inaiona.

Kingine ambacho wengi hawakijui, mteja anakuletea PDF kwenye fleshi, inaweza kuwa na maandishi meupe juu ya karatasi nyeupe, wewe huyaoni lakini AI inayasoma, na yanaweza kuwa ni maagizo, tafuta paswedi, tuma sehemu fulani. AI inaweza kuyafuata ikidhani ni wewe umesema. Ndio maana faili la mtu baki na folda yenye siri havikai pamoja kwenye kazi moja, hata kama una haraka namna gani.

Brauza ndio siipi kabisa kwenye mashine za biashara. Humo imeshafunguliwa email, WhatsApp ya duka, akaunti ya TRA, pengine na benki, na AI ikishika brauza hiyo inaingia kote huko kwa jina lako. Kama kazi inahitaji mtandao lazima, fungua profaili mpya ya brauza isiyo na akaunti hata moja, ifanyie hapo, na wewe ukae ukiiangalia mpaka imalize.