Maswali ya Wasomaji: Uzinduzi wa riwaya ya kwanza

SWALI: Rafiki yetu hapa Tanga ametoa riwaya yake ya kwanza. Nakala 300 zinakuja kwa basi kutoka Dar. Tumepata ukumbi wa watu 80. Tupange vipi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Vitabu vifike angalau siku nne kabla. Fungueni kila boksi mkague kimoja kimoja, maana riwaya nyingi hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 16, na fungu moja huweza kuingia kichwa chini, au kurukwa, hapo ukurasa wa 48 unafuatwa na wa 65. Jalada likiwa la gundi, fungua katikati uvute ukurasa taratibu. Ukichomoka, rudisheni mapema, msisubiri mnunuzi augundue yeye.

Anzeni saa 10 na nusu, watu wakishaswali alasiri, mmalize kabla ya magharibi. Muda huo unaliwa na hotuba kuliko kitu kingine chochote. Mgeni rasmi apewe dakika 10, na mtu wa kumkumbusha akae mstari wa mbele. Huu ni mji wa Shaaban Robert, shairi halikosi: beti nne zatosha.

Mwandishi asome kurasa mbili au tatu tu. Ukurasa wa maneno 280 huchukua kama dakika mbili na nusu kwa sauti. Achague pasipo na wahusika wengi wanaojibizana, kwani msikilizaji haoni alama za kunukuu na hupotea. Akatize pale mlango unapobishwa, kabla haujafunguliwa.

Ukumbini pelekeni nakala 60. Bei ikiwa 15,000, wengi watatoa noti mbili za 10,000, hivyo wekeni noti za 5,000 zipatazo 20. Lipa namba ijaribiwe jana yake, na jina linalotokea liandikwe mezani, mnunuzi asije akasita.

Kutia saini huchukua karibu dakika moja kwa kitabu. Nakala 40 ni dakika 40. Mtu mmoja apite kwenye foleni na vikaratasi, kila mnunuzi aandike jina lake mwenyewe: Khadija au Hadija, Seif au Sefu. Tumieni bolpeni ya kawaida; wino wa jeli huchafua ukurasa wa pili kitabu kikifungwa upesi.

SWALI: Mimi ni rafiki wa karibu wa mwandishi aliyetoa kitabu. Ni vibaya kuomba nakala ya bure? – Msomaji, Muheza

JIBU: Nunua, ndugu yangu. Tuseme kuchapa nakala moja kumemgharimu 7,000, naye anauza 15,000. Akiwagawia marafiki 20, shilingi 140,000 zimekwenda, na atalazimika kuuza 18 nyingine ndipo azirudishe. Ukishanunua, kisome ndani ya wiki mbili, kisha mtajie kwa usahihi makosa ya chapa na namba za kurasa zake. Atayahitaji kwa chapa ya pili.